Mwanangu asubuhi 36.2, jioni 37.3: je, hii ndiyo homa ya ndani?

Swali: Salaam aleikum daktari. Naishi Likoni na nina binti wa miaka mitatu. Mwaka jana alipata degedege, na tangu siku hiyo nyumba nzima tuna wasiwasi. Nimenunua kipimajoto cha kidijitali kwa kemisti. Asubuhi nikimpima kwapani napata 36.2, jioni 37.3. Mavyaa wangu humshika kipaji na kusema mtoto ana homa ya ndani, kwamba kipimajoto hakiioni. Hii ni wiki ya pili anampa dawa ya maji ya kushusha joto kila usiku kabla ya kulala, na sasa ataka tumpe vidonge vya malaria vilivyobaki vya shemeji yangu. Mtoto anacheza, anakula. Skuli tulifundishwa joto la mtu ni 37. Huyu wangu asubuhi hafiki, jioni anapita. Lipi ndilo sawa?

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe ili upumue. Asubuhi 36.2 na jioni 37.3, kwapani, kwa mtoto wa miaka mitatu anayecheza na kula, ni joto la kawaida. Zote mbili. Dawa ya maji iacheni leo, na vidonge vya shemeji yako visimkaribie mtoto. Sasa nitaeleza kwa urefu, kwa sababu jibu fupi halitamtuliza mavyaa wako, naye ana haki ya kuogopa. Mtu aliyemwona mjukuu wake amegeuza macho na kukakamaa mikononi mwake hasahau.

Hiyo 37 mliyofundishwa skuli ilitoka kwa daktari wa Ujerumani, Carl Wunderlich, aliyefanya kazi mjini Leipzig. Mwaka 1868 alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, waliopimwa kwapani tena na tena. Vipimajoto vya wakati ule vilikuwa na urefu wa karibu futi moja, na mgonjwa alikaa nacho robo saa au zaidi kabla hakijatulia. Wunderlich akaitaja 37 kuwa wastani. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba joto hupanda na kushuka kwa saa za siku, kwamba la wanawake huwa juu kidogo na la wazee chini kidogo, na ukomo wa juu wa mtu mzima wa afya akauweka kwenye 38. Watu waliomfuata wakaikamata tarakimu moja, hayo mengine yakaachwa njiani.

Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliwapima watu wazima 148 wenye afya, mdomoni, mara kadhaa kwa siku. Wastani ukawa 36.8. Joto lilikuwa chini kabisa mnamo saa kumi na mbili asubuhi, na juu kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Wapo waliofika 37.7 jioni na hawana ugonjwa wowote. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford wakalinganisha kumbukumbu za Wamarekani tangu askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe hadi watu wa siku hizi, wakaona wastani umekuwa ukishuka pole pole kizazi kwa kizazi. Wao wanadhani sababu ni kwamba watu wa leo hawaishi na maradhi ya kudumu kama kifua kikuu na ufizi uliooza, yaliyokuwa yakiuweka mwili katika moto mdogo siku zote.

Kwa hiyo binti yako anafanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya kila siku. Alfajiri yuko chini, jioni yuko juu. Kwa watoto wadogo mwendo huo huwa mpana kuliko wetu. Juu ya hapo, jioni ameshakimbia, ameshakula, ameshachomwa na jua la Likoni.

Sasa hii homa ya ndani. Mimi siicheki, maana kila wiki mtu huniambia anayo, na mara nyingi anachokieleza ni cha kweli. Ila kwanza tuuangalie mkono wenyewe unaopima.

Mwili hutoa joto muda wote. Mtu mzima aliyetulia kitini hutoa joto linalokaribia la balbu ya zamani ya wati 100, na joto hilo ni lazima litoke, la sivyo lingetupika. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo sana, haipothalamasi, inayosimamia hesabu hiyo. Ikiona joto linazidi, hufungua mishipa midogo ya ngozi ili damu ya moto ije juu ipoe, na hufungua jasho. Mji ukiwa mkavu, jasho hukauka na kuondoka na joto. Sasa fikiria Mombasa mwezi wa Februari, kaskazi imelegea, hewa ina unyevu mpaka chumvi inashikana kwenye kikopo. Jasho linatoka lakini halikauki. Linatiririka mgongoni, linadondoka sakafuni, na tone lililodondoka bila kukauka halikupoza chochote. Ndiyo maana feni hutusaidia hata inapovuma hewa ya moto: inaisukuma ile hewa yenye unyevu iliyoizunguka ngozi. Na stima ikikatika usiku, mtoto aliyelala huwa na ngozi ya moto, imelowa, na kipaji kinachoma. Ukimpima, 36.9. Ngozi yake ni ya moto kwa sababu inafanya kazi yake ya kutoa joto nje.

Mara nyingine huwa kinyume. Mtoto akiambukizwa, chembe za kinga hupeleka habari ubongoni, na ile haipothalamasi hupandisha kiwango inachokitaka, tuseme hadi 39. Mwili bado uko 37, kwa hiyo unajiona uko chini na unasikia baridi. Mishipa ya ngozi hufungwa ili joto libaki ndani, misuli hutetemeka ili izalishe joto, meno yanagongana, mtoto anataka blanketi mchana wa saa nane. Ukimshika mikono na miguu wakati huo ni baridi kabisa, ilhali ndani joto linapanda kwa kasi. Baadaye kiwango kikirudi chini, jasho jingi linatoka, ngozi inachoma, na watu wanasema homa imetoka. Hapo wanasema kweli.

Kwa hiyo mkono wa nyanya hugusa ngozi, nayo ngozi hutoa habari za njiani. Watafiti walioulinganisha mkono wa mama na kipimajoto katika nchi mbalimbali waliona jambo la maana: mama akisema mtoto hana joto, mara nyingi ni kweli, akisema analo, mara nyingi anazidisha. Mkono una kazi yake, kwamba ukistuka utie kipimajoto.

Sasa upande wa haki ya mavyaa. Homa ya malaria huja na kuondoka. Mtoto anaweza kuchemka usiku kucha, asubuhi akafika zahanati yuko 36.7, na mama akaambiwa hana kitu. Hilo ni kosa. Mwongozo tunaofuata wahudumu wa afya unasema mtoto ambaye mzazi wake anaeleza kwamba alikuwa na joto nyumbani ahesabiwe ana homa, hata kama kipimajoto cha zahanati kinasema vingine, na kwa huku kwetu Pwani apimwe damu. Kwa hiyo ukimwona binti yako amelegea, amekataa chakula, analala wakati ambao si wake, au anatapika, usiniletee hesabu za kipimajoto. Mpeleke. Lakini mtoto unayenieleza anacheza na anakula, wiki mbili sasa. Hiyo si homa ya ndani wala ya nje.

Lipo jambo moja linalonitatiza katika barua yako. Kwa wiki mbili mtoto amekuwa akimeza dawa ya kushusha joto kila usiku. Kama kweli kungekuwa na homa ndogo inayokuja saa mbili au saa tatu usiku, dawa ingeificha na sote tusingeijua. Kwa sababu hiyo nimesema iacheni. Nataka kumwona mtoto huyu bila pazia.

Kuhusu dawa yenyewe: parasetamoli ni dawa nzuri ikitolewa kwa uzito. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, pasiwe na chini ya saa nne kati ya dozi na dozi, na isizidi mara nne kwa saa 24. Mtoto wa kilo 13, basi, ni kati ya miligramu 130 na 195 kwa mara moja. Chupa nyingi za watoto huwa na miligramu 120 katika mililita 5, lakini si zote. Soma ubavuni mwa chupa. Na upime kwa kikombe au bomba lililokuja na chupa. Kijiko cha jikoni hakiaminiki, vingine vinabeba karibu mara mbili ya vingine. Dozi moja sahihi kwa siku kuna uwezekano mdogo kuwa imemdhuru. Dozi kubwa mfululizo huumiza ini, kwa hiyo ukiona anatapika, analalamika tumbo, au macho yanaelekea umanjano, nenda naye hospitali na uichukue hiyo chupa. Kazi ya dawa hii ni kumpa nafuu mtoto anayeteseka kwa joto. Mtoto mwenye 37.3 anayekimbizana na kuku uani hateseki.

Asipirini usimpe mtoto kabisa. Na kuna sababu nyingine ya watu wa Mombasa kuwa waangalifu na asipirini na aibuprofeni joto linapopanda: mji wetu umeshapigwa na dengi zaidi ya mara moja, mlipuko wa 2013 wengi tunaukumbuka, na chikungunya ikafuata mwisho wa 2017. Dengi inaweza kuleta kutokwa damu, na dawa hizo mbili huongeza hatari hiyo. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi ya mapipa na madumu tunayoweka akiba majumbani. Ndiyo sababu nyingine ya kutoita kila joto malaria.

Vidonge vya shemeji, basi. Dawa ya malaria tunayoitumia Kenya kwa malaria isiyo kali hutolewa kwa uzito, mara sita ndani ya siku tatu. Kama vilibaki, maana yake shemeji hakumaliza dozi yake, na hilo nalo lina madhara. Ukimpa mtoto mabaki hayo bila kumpima damu, ikiwa hana malaria umempa dawa bure huku ugonjwa wake halisi ukiendelea. Ikiwa anayo, umempa nusu ya tiba, vimelea vinatulia siku mbili kisha vinarudi. Kipimo cha damu ni tone moja la kidole, na kwa kile kipimo cha haraka jibu linatoka ndani ya nusu saa.

Sasa tufike kwenye hofu yenyewe. Degedege la joto huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, wawili hadi watano katika kila mia. Watoto hawa ubongo wao bado mchanga, na joto linapobadilika unarusha cheche. Wazee wetu Pwani walilihusisha na ndege, nyuni, anayempitia mtoto usiku, na nyumba nyingi bado hutangulia kwa mganga. Ninaelewa. Ukiona namna mwili unavyokakamaa na mikono inavyopigapiga, unafikiria kitu kimemshika. Lakini saa ile inayopotea njiani ndiyo tunayoihitaji, kwa sababu mtoto mwenye joto na degedege huku kwetu ni lazima aangaliwe malaria kali na homa ya uti wa mgongo, na apimwe sukari ya damu. Likiwa ni degedege la joto tu, kwa kawaida huisha lenyewe ndani ya dakika tano na halimharibu akili mtoto. Karibu thuluthi moja yao hulipata tena siku nyingine, kwa hiyo nakuambia wazi kwamba linaweza kurudi. Na nakuambia jambo gumu zaidi: parasetamoli hailizuii. Imejaribiwa, haikusaidia. Chupa anayoimimina mavyaa kila usiku kwa mapenzi haimkingi mjukuu wake na kile anachokiogopa.

Likirudi, mlaze ubavu sakafuni, mbali na meko na ncha za meza. Legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmiminie maji, usimfukize kwa moshi wala mvuke. Tazama saa. Likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, ni dharura, mchukue kama alivyo. Likiisha mapema, bado mpeleke siku hiyo hiyo.

Namna ya kupima, kwa kuwa hapa ndipo tarakimu nyingi zinapoharibika. Mtoto akae kwanza kama robo saa kivulini, si mara tu anapoingia kutoka uani au kutoka kuoga. Chukua leso kavu umfute jasho kwapani, maana kwapa lililolowa hutoa namba ya chini. Ncha ya kipimajoto iingie katikati kabisa ya kwapa, iguse ngozi, isiguse fulana. Mshushe mkono, uubane kwa kiganja chako juu ya mbavu, mpakate, umsimulie kitu. Kikilia, soma. Ukiwa na shaka rudia upande huo huo. Usijumlishe nusu kama wanavyofanya wengine. Andika ulichokiona na useme ni kwapani, sisi tunajua kwapa huwa chini kidogo ya joto la ndani. Mdomoni ni kwa wakubwa, na hao nao wangoje nusu saa baada ya kahawa tungu au maji ya barafu. Zile bunduki za kipajini tulizozizoea milangoni wakati wa korona husoma ngozi, na ngozi nimeshakueleza tabia yake.

Kwa mtoto wa umri wa binti yako, 37.5 kwapani na kuendelea tunaihesabu kuwa homa. Akiifika, mtazame: ananywa? anakutazama? anapumua sawa? Mpunguzie nguo, mpe maji, uji, madafu, na apimwe damu siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Akifika 38.5 na kutaabika, hapo parasetamoli ina kazi. Maji ya barafu usimkande, yatamtetemesha na kupandisha joto zaidi. Shingo ngumu, usingizi usioamshika, kupumua mbio, kutapika kila kitu: hayo hayangoji asubuhi, hata kipimajoto kikisema 37.

Kama nyumbani kuna mtoto mchanga chini ya miezi miwili, sheria ni nyingine kabisa. Yeye 37.5 tu ni ya kwenda hospitali, na chini ya 35.5 pia, kwa sababu mtoto mchanga anayeumwa sana wakati mwingine hupoa badala ya kuchemka. Na wazee mnaoishi nao muwatazame. Niliwahi kuletewa mzee mmoja, mtu wa barazani siku zote, aliyeanza kuchanganya majina ya wanawe. Joto lake 37.2, wote wakasema hana homa. Binti yake akatoa kijitabu alichokuwa akimwandikia kila wiki kwa ajili ya presha: joto lake la kawaida lilikuwa 35.9. Tulimpiga picha ya kifua, tukakuta nimonia. Kijitabu kile ndicho kilichomwokoa, kwa sababu kilituambia joto lake yeye ni lipi.

Nataka na binti yako awe nacho. Tumia kalenda ya ukutani. Kwa siku tatu, bila dawa yoyote ya joto, mpime akiamka, mpime saa kumi na moja jioni, na mpime tena saa tatu usiku akiwa amelala, wakati ule ambao mavyaa hustuka. Hiyo ya usiku mwachie mavyaa mwenyewe aibane kwapa na kusoma namba, halafu aweke mkono kipajini aone unamwambia nini. Andikeni namba, saa, na alichokuwa akifanya mtoto kabla ya kupimwa. Ikitokea 37.5 au zaidi, msingoje siku ya tatu, nendeni zahanati akapimwe damu na mkabidhi wahudumu hiyo kalenda. Isipotokea, niandikie tu hizo namba tisa nizione.